Saa Nane na Dakika Sita: Maisha ya Muhigirwa Anselme

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Mururu, wafanyakazi wenzetu wa Kamembe, nanyi ndugu mliovuka daraja asubuhi hii kutoka Bukavu, naitwa Dusabe, dada mdogo wa huyu aliyelala mbele yetu, na familia imenipa kazi ya kusoma maisha yake, tena kwa Kiswahili, ili wa ng'ambo na wa hapa tusikie pamoja. Karatasi mnayoiona mkononi mwangu iliandikwa jana na baba yetu mdogo, Mzee Kalisa, ina kurasa mbili, na nimemwahidi kwamba nitaisoma bila kuongeza neno. Namwomba radhi mapema, kwa sababu ahadi hiyo sitaitimiza.

Muhigirwa Anselme alizaliwa tarehe 14 Juni 1974, katika mtaa wa Kadutu, mjini Bukavu, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Nzabonimana na marehemu Mukabaranga, Wanyarwanda waliokuwa wakiishi upande ule kabla ya yeyote kati yetu kuzaliwa. Baba yetu alikuwa mpanga barua wa posta, na mbele ya kiti chake kulikuwa na ukuta mzima wa vijisanduku vya mbao, lakini barua ya kwenda mbali haikuwa na kijisanduku chake, ya Kisangani aliitia katika cha Goma na kuiacha, kwa sababu kazi yake haikuwa kuijua safari yote, kazi yake ilikuwa kujua posta gani ya jirani iko karibu zaidi na huko barua inakokwenda, na wale wa Goma nao wangefanya vivyo hivyo. Anselme akitoka shuleni alikuwa anakaa chini ya meza ile, anasikiliza barua zikiangukia vijisandukuni, na maneno aliyoambiwa na Baba pale aliturudia mpaka tukamchoka, kwamba "hakuna muntu anajua njia yote, mutoto, basi ujue jirani yako."

Alianza shule ya msingi Septemba 1980, akamaliza 1986, akaendelea na sekondari ya ufundi wa umeme hapo hapo Bukavu, akapata diploma yake Julai 1993, wa pili katika darasa la watu thelathini na mmoja. Tarehe 17 Januari 1995 familia yetu ilivuka kurudi Rwanda kupitia daraja la Rusizi ya Kwanza, kwa miguu, na katikati ya msongamano ule, na wapagazi wanatusukuma huku na huku, yaya wangu, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa kule Bukavu, alisimama ghafla akauliza kama daraja hili likifungwa sisi tutapita wapi, mpaka Maman akamwambia afunge mdomo abebe godoro. Ndivyo alivyokuwa. Hakwenda sokoni bila kujua njia ya pili ya kurudia.

Kuanzia 1997 hadi 2000 alisomea mawasiliano mjini Kigali, na tarehe 22 Desemba 2001 alifunga ndoa takatifu na wifi yangu Niyitegeka, yule pale amekaa kwenye mkeka, na hata arusi yenyewe alitaka iwe na njia mbili, nusu ya vinywaji akaipitisha barabarani, nusu akaipakia kwenye mtumbwi, vya barabarani vikafika vya moto kama uji, vya ziwani vikafika kesho yake wageni wameshalala, na hadi leo wakwe wanatuita watu wa njia mbili. Mungu aliwajalia watoto watatu, Uwayezu aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 2002, Izabayo wa 2006 na Tuyizere wa 2011, na watoto hawa ndio nataka wanisikilize kuliko mtu mwingine yeyote hapa.

Tarehe 4 Februari 2013 aliajiriwa kuwa mkuu wa mafundi katika kampuni ndogo ya mawasiliano yenye ofisi Kamembe, kampuni ambayo sitaitaja kwa jina. Mwaka huohuo mume wangu alifariki akaniachia watoto watatu, na Juni 2014 Anselme aliniingiza kazini hapo, akanifundisha mwenyewe, neno kwa neno. Kazi yake wengi hamkuijua, mlikuwa mnasema tu Anselme ni mtu wa internet, mnampigia simu video zikikwama. Leo nitawaeleza, na nawaomba mvumilie, kwa sababu bila hayo hamtajua kilichomuua.

Ukiwa Kamembe, ujumbe wako una njia mbili za kufika Kigali. Ya kwanza ni waya wa fiba unaofuata barabara kupita msitu wa Nyungwe, mpana, wenye mbio. Ya pili ni minara inayorushiana mawimbi kando ya ziwa kupitia Karongi, nyembamba, ya polepole. Kwenye kila njia panda kuna kisanduku cha chuma, ndicho tunachokiita ruta, na ruta ni kama Baba kwenye kiti chake cha posta, haiijui safari yote, inawajua majirani zake tu. Kila sekunde kumi majirani hawa wanasalimiana. Mmoja akinyamaza sekunde arobaini anahesabiwa amekufa, wenzake wanapashana habari, na kila mmoja anaanza upya kutafuta kwa kupitia nani atafika. Na pale ambapo njia zote mbili ziko hai, ruta hutazama namba iliyoandikiwa kila njia, tunaiita uzito, na huchukua njia iliyo nyepesi. Namba hiyo huandikwa na mtu. Masika yakianza, udongo wa msituni ukaanza kusogea, Anselme alikuwa anaupa ule waya uzito mkubwa ili kila kitu kipite ziwani, na wateja wakilalamika kwamba mambo yanakwenda polepole, aliwajibu kwamba polepole inafika.

Kuna jambo lingine, na hili alinifundisha siku ya kwanza huku amenishika mkono, kwamba mtu anaweza kuiamuru ruta isiwasikilize majirani. Anaandika mwenyewe kwamba kitu cha kwenda mahali fulani kipite hapa, basi, na ruta inamtii huyo mtu hata majirani wote wakiilia kwamba mbele hakupitiki. Tunaiita njia ya mkono. Anselme aliiogopa sana. Alisema ukiiandika usinyanyuke kwenye kiti mpaka uifute, hata nyumba ikiungua.

Tena kulikuwa na mazoea yetu pale ofisini, mabaya, lakini yalikuwa yetu. Kuingia ndani ya ruta kunahitaji jina na neno la siri, na jina jipya lilikuwa linaombwa Kigali, linachukua majuma, kwa hiyo miaka yote kumi sisi mafundi wanne tulikuwa tunaingia kwa jina la Anselme. Mashine ilijua Anselme tu. Ili tujuane wenyewe, tulikuwa na daftari la kurasa za mistari juu ya meza, kila mtu anaandika alichofanya, siku, saa, na herufi yake. Yangu ilikuwa D.

Hapa karatasi ya familia inasema, nasoma kama ilivyo, "mwaka 2024 marehemu aliacha kazi kwa hiari yake ili kupumzika." Baba mdogo, naomba usisimame. Najua ulitaka kutusitiri. Lakini huo ni uongo, na watu wote hapa wanajua ni uongo, ila wanachodhani ndicho kweli nacho ni uongo, na ni mimi niliyewaachia wadhani hivyo mwaka mmoja na miezi saba.

Jumamosi, tarehe 16 Machi 2024, ilikuwa sherehe ya gusaba ya Uwayezu, siku ya wakwe kuja kumposa, na ilifanyika hapahapa kwenye uwanja huu. Wengi wenu mlikuwepo, mlikula, mlicheza. Maman alikuwa Bukavu, amelazwa nyumbani kwa mama mdogo, mguu umevunjika, hawezi kuvuka daraja hata kwa kubebwa, na alichokuwa anakiomba mwezi mzima ni kumwona Anselme akimtoa mjukuu wake wa kwanza. Tukapanga aone kwa video. Mimi nilibaki zamu Kamembe. Saa nane kasoro simu ikalia, mama mdogo anapiga kelele, "Dusabe, picha imesimama, tunaona pua ya Uwayezu tu, na Maman analia." Njia ya ziwani ilikuwa imejaa. Video ile ilikuwa inapitia jengo moja la mashine lililoko Kigali, na mimi nikafikiri, waya wa msituni si upo, umelala bure, na mvua leo haipo. Nikaingia ndani ya ruta, nikaandika kwamba chochote kinachokwenda kwenye jengo lile kipite msituni. Kwa mkono. Ilikuwa saa nane na dakika sita.

Picha ikafunguka papo hapo. Maman alinipigia mwenyewe, "Asante mutoto yangu, ninamuona, ninabaona bote," na mimi nikacheka peke yangu pale ofisini kama mwendawazimu, nikajiona fundi kuliko mafundi wote. Nikaandika kwenye daftari, nikafunga mlango jioni, nikakimbilia huku Mururu kuwahi ngoma. Sikuifuta. Jumapili nilikuwa kanisani na kwenye kuosha masufuria. Jumatatu nikatumwa Bugarama, mnara wa wakulima wa mpunga ulikuwa umeangusha antena. Nilisahau, ndugu zangu. Ningependa kuwaambia kitu kikubwa kuliko hicho, lakini hakuna, nilisahau tu.

Jumanne tarehe 19 Machi, saa mbili na dakika kumi na nane asubuhi, mlima ulishuka msituni ukakata waya. Ofisini kwetu hakuna aliyeshtuka. Ruta zikasikia ukimya, zikahesabu sekunde arobaini, na kila kitu kikaendelea kupita ziwani kama Anselme alivyokwishazipanga, na mkuu wa ofisi alimpigia makofi, nami nikachemsha chai. Kila kitu kilifika isipokuwa vilivyokwenda kwenye lile jengo moja. Ruta yetu ya Kamembe ilikuwa inatii mkono wangu, inaupeleka ujumbe kwa ruta jirani iliyoko mwanzo wa msitu, na ile jirani, kwa kuwa inajua waya umekatika, inaurudisha Kamembe ili upite ziwani, na Kamembe inaupeleka tena msituni, na msitu unaurudisha tena. Kila ujumbe hutoka ukiwa na hesabu ya hatua zake, kila ruta inapunguza moja, ikifika sifuri unatupwa, na anayeutupa hawajibiki kumwamsha mtu.

Na katika jengo lilelile la Kigali ndiko ulikokuwa mtambo wa vituo vya afya kuombea ambulansi.

Uwimbabazi Patricie, mama wa Giheke, nimekuona tangu ulipoingia, umekaa pale karibu na ua, umevaa kitenge cha kijani. Asubuhi ile ulikuwa kwenye kituo cha afya upande wa Giheke, uchungu umekaa vibaya, na nesi wako aliomba ambulansi saa tatu kasoro dakika tano, akaomba tena, akaomba mara saba. Simu ya mezani ya kituo ilipitia jengo lilelile, ikawa bubu. Simu yake ya mkononi, pale bondeni, ilikuwa inashika mnara wa Kongo, usiofikisha namba ya ambulansi ya kwetu, kama simu za pale zinavyofanya siku zote. Akaacha kila kitu akapanda mlima kwa miguu kutafuta mnara wa kwetu. Gari lilifika saa tano na robo. Mtoto wako alizaliwa hospitalini saa sita mchana, wa kiume, hakulia. Mungu wangu, hakulia. Kila maombi ya yule nesi yalifika Kamembe, Patricie, yalifika mezani kwangu, yakawa yanakwenda msituni na kurudi, yanakwenda na kurudi, kama mtu aliyefungiwa ndani anayejaribu mlango wa mbele na wa nyuma, na mimi nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka hapo nakunywa chai.

Saa tano watu wa hospitali walipotupigia, Anselme aliomba ruta imwonyeshe njia, ikamwandikia Kamembe, msitu, Kamembe, msitu, Kamembe, msitu, mpaka chini ya kioo. Alifungua daftari, akasoma, akanitazama, kisha akanisogezea kiti nifute mwenyewe. Ni mstari mmoja. Ilinichukua sekunde tatu.

Habari ya mtoto ilipofika, alirarua ule ukurasa wa daftari, akaukunja, akaniwekea kiganjani, akaniambia nikautie kwenye mbabula nyumbani uungue pamoja na makaa. Nikamwambia hapana, yaya, ni mimi. Akasema, na haya ndiyo maneno yake, "Dusabe, nyamaza. Jina yenye iko mu mashini ni yangu. Weye uko na batoto batatu na hauna bwana. Nyamaza." Tarehe 26 walikuja wakaguzi wawili, wakafungua kumbukumbu za mashine, wakakuta jina anselme. Wakamuuliza kama jina ni lake, akasema ni langu. Wakamuuliza kama neno la siri ni lake, akasema ni langu. Akatia saini. Hakudanganya hata neno moja, mtu huyu, maisha yake yote hakujua kudanganya. Hawakumuuliza alikuwa wapi saa ile.

Nanyi hamkumuuliza. Tarehe 30 Aprili alifukuzwa, karatasi ikabandikwa mlangoni, na kuanzia juma lile, kuanzia soko la Kamembe mpaka hapa mlimani, akawa ndiye aliyeua mtoto wa Giheke. Wengine wenu mliosema hivyo mko hapa, mmekaa kwenye viti vyake. Kuna aliyekataa mkono wake kanisani wakati wa kupeana amani, nilimwona. Sina haki ya kuwakasirikia, lakini nawakasirikia, kwa sababu kujichukia peke yangu nimechoka.

Alirudi kwenye kutengeneza redio hapa kibarazani. Na kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, kuanzia Mei 2024 hadi Julai 2025, mara kumi na tano, alikwenda kwa miguu hadi Giheke nyumbani kwa Patricie kuomba msamaha. Mara tatu za kwanza mume wa Patricie alimfukuza. Mara ya nne wakampa kigoda akae nje. Patricie, umenisimulia mwenyewe juzi ulipokuja kulia hapa, kwamba ulimuuliza, "Papa Anselme, ilikuwaje ukaituma gari ya mutoto wangu mu pori?" na yeye akakujibu, "Ni jina yangu, Maman, unihurumie," na ukashangaa kwamba kila mara jibu lake ni lile moja. Ulimsamehe Krismasi. Ulimpa maziwa akayaleta nyumbani, na mimi nikayanywa. Yesu Maria, nikayanywa.

Nilijiambia nitasema Maman akishaondoka, kwa sababu kujua mtoto yule alikufa kwa ajili ya furaha yake ya saa moja kungemuua. Maman akafariki tarehe 11 Desemba 2024, akiwa anasimulia ile video mpaka mwisho, na mimi nikasema acha Pasaka ipite. Pasaka ikapita, nikasema acha watoto wafungue shule. Siku zote palikuwa na kitu cha kupita kwanza.

Alhamisi tarehe 7 Agosti 2025, saa nne asubuhi, Anselme alianguka juu ya meza yake ya redio, akiwa na presha aliyoificha mwaka mzima, kiharusi kikachukua upande wa kulia pamoja na sauti. Wifi aliita kituo cha afya, kituo kikaomba ambulansi kwa mtambo uleule, ikafika hapa kwa dakika kumi na tisa. Niliihesabu kila dakika. Alilazwa siku themanini na saba. Kila siku nilimwinamia nikamwambia yaya nitasema, kesho nitasema, naye alikuwa anatikisa kichwa kwamba hapana, na mimi nilikuwa nafurahi kumtii. Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa kuliko ile ya kusahau. Kusahau kunaweza kumpata mtu yeyote, lakini kufurahi kule kulikuwa kwangu mwenyewe.

Jumapili tarehe 2 Novemba 2025, saa tatu asubuhi, nikiwa peke yangu naye, wifi ameteremka kuchukua uji, pumzi yake ilikaa kimya. Sikumwita daktari mara moja. Nilihesabu. Sijui kwa nini, ni kazi tu ilikuwa imeniingia mwilini, nilihesabu sekunde kumi, nikamsubiri, ishirini, thelathini, nikamwambia nisalimie basi, nikafika arobaini. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja.

Sasa sikilizeni, kwa sababu karatasi ya familia imekwisha na niliyoishika ni karatasi nyingine. Sikuitia kwenye mbabula. Ndiyo hii, imekunjwa mara nne, mwandiko ni wangu, naisoma. "Tarehe 16/3/2024, saa 14:06. Njia ya mkono, jengo la Kigali, kupitia msitu. Kwa ajili ya Maman. Niifute leo jioni. D." Mashine ya kampuni nayo inasema saa 14:06, jina anselme. Basi nyinyi mliokuwa hapa siku ile, watu zaidi ya mia mbili, kumbukeni mlichokiona. Uwayezu, mwanangu, unayo ile video kwenye simu yako, saa iko pembeni ya picha, ifungue. Picha inaganda, inaganda, kisha saa nane na dakika sita inafunguka, na wa kwanza kuonekana ni baba yako, amesimama pale palipo jeneza sasa, amevaa kitambaa chake cha sherehe, fimbo mkononi, hana simu, hana mashine, anawajibu wakwe. Ushahidi ulikuwa kwenye simu zenu wakati wote. Mlikuwa mnautazama mnacheka.

Patricie, sikuombi unisamehe leo, msamaha wako ulikwishautoa ukamfikia asiyeuhitaji. Ukurasa huu ni wako, nikimaliza nitakuletea hapo ulipo. Kesho asubuhi nitakwenda ofisini na nakala yake, watakalonifanyia nitalipokea, na watoto wangu wameshajua, niliwaambia jana jioni, mkubwa hajanisemesha mpaka sasa.

Familia inawashukuru madaktari na manesi waliomhudumia siku themanini na saba bila kuchoka, na namshukuru kwa namna ya pekee yule nesi wa Giheke aliyepanda mlima. Tunawashukuru majirani wa Mururu waliochimba kaburi, waliopika, hata wale waliokuja kwa aibu. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa Kamembe, mafundi wawili mliokuwa mnalijua daftari lile na mkanyamaza nami, najua mlininyamazia kwa huruma, msinihurumie tena. Tunawashukuru wa Bukavu, na Baba Padri, na baba mdogo Kalisa ambaye sasa analia, na wifi Niyitegeka aliyelala kando ya mtu aliyebeba kitu hiki bila kumwambia hata yeye. Wifi, ukitaka nisiguse udongo wa kaburi lake, sema tu, nitasimama nje ya ua.

Yaya Anselme, saa nane na dakika sita ulikuwa umesimama mbele ya watu, unamtoa binti yako. Aliyekuwa kwenye mashine ni mimi, Dusabe. Pumzika kwa amani, jina lako nimelitoa humo.